Jina Chini ya Mdomo wa Sufuria

Kalamu ya kuchorea vyombo ni mashine ya mkononi yenye unene wa tochi ndogo. Ndani mna mota na betri. Mbele imechomoza ncha ngumu, mara nyingi ya chuma kilichovishwa vumbi la almasi. Haina waya. Ikiwashwa hulia kama nyuki aliyefungiwa koponi, na ncha ikigusa sufuria mlio hupanda ukawa wa kutia ganzi meno. Kwenye alumini hubaki mstari mwembamba unaong'aa, na pembeni mwake vumbi la rangi ya fedha ambalo mchoraji hulipuliza ili aone alipofika. Kazi ya kalamu hiyo ni kukiandika kitu jina la mwenye kitu.

Marangu, kwenye miteremko ya kusini-mashariki ya Kilimanjaro, jina hilo huandikwa zaidi kwenye vyombo vya jikoni: masufuria, mifuniko, masinia, hotipoti, vijiko, miiko ya chuma. Majembe na mapanga nayo huchorwa, na kwa wenye magari, vioo. Mgeni akiona jina limechimbwa kwenye kijiko atadhani pale pana wizi mwingi wa vijiko. Sivyo. Kinachovitoa vijiko nyumbani ni misiba, harusi, ubarikio na Krismasi, na vinatoka kwa idhini ya wenyewe.

Mashine za kuchora ni za namna mbili. Ya kwanza hudonoa: koili ya umeme huvuta kipande cha chuma na kukiachia, na ncha hupiga kama kigogota. Zile za kuchomeka ukutani hufuata mapigo ya umeme wenyewe. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, kwa hiyo ncha hudonoa mara 100 kwa sekunde, yaani 6,000 kwa dakika. Marekani, penye hezi 60, mashine hiyohiyo hudonoa mara 7,200. Namna ya pili huzungusha ncha kama keekee. Hii ndiyo iliyokubali betri ndogo, na kwa sababu hiyo inaingia mfukoni na kufika hata kusikofika nguzo.

Kalamu ya betri si ngeni kama inavyodhaniwa. Thomas Edison alipata hataza ya kalamu ya umeme mwaka 1876. Mota ndogo iliyokaa juu ya kalamu ilisukuma sindano iliyotoboa karatasi matundu madogo madogo, kisha wino ukapitishwa kwenye matundu hayo ili barua moja itoe nakala nyingi. Betri yake ilikuwa mitungi ya tindikali iliyowekwa mezani, waya ukiunganisha mitungi na kalamu, na karani aliyeitikisa meza alijua mwenyewe. Mwaka 1891 Samuel O'Reilly wa New York alipata hataza ya mashine ya kuchorea tatuu iliyotokana na kalamu ya Edison. Kabla ya mtu wa kawaida kuwa na mashine ya kuandikia bati, basi, ukoo huo wa sindano za umeme ulikwishapita kwenye karatasi na kwenye ngozi ya binadamu.

Ugumu wa vitu hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kinachoanza 1 na kuishia 10. Almasi ni 10. Kioo cha dirisha kiko kwenye 5 na nusu hivi, na alumini haifiki 3. Ndiyo maana msumari huandika sufuria bila shida lakini huteleza juu ya kioo cha gari. Ncha ya almasi haibagui, ila kila kitu huipokea kwa tabia yake.

Alumini ni karimu kuliko zote. Hukwaruzika kwa mpito mmoja, na hewa huifunika mara moja kwa utando mpya wa oksidi, hivyo jina halipati kutu. Hupoteza mng'ao baada ya miezi, likawa la kijivu, lakini kidole hulisoma hata gizani. Stili ina kiburi. Ncha huruka na kuacha mkia wa mstari mahali pasipotakiwa, na herufi moja huhitaji kupitiwa mara tatu au nne. Bakuli la enameli halifai kuchorwa kabisa: ganda lake ni la asili ya kioo, hupasuka vipande, na chuma kilichofunuliwa chini yake huanza kutu wiki hiyohiyo. Plastiki huyeyuka ncha ikienda kasi, herufi zikavimba kama kovu. Kwa ndoo na diaba msumari uliotiwa moto bado unaishinda mashine. Jembe huchorwa vizuri, lakini liandikwe karibu na tundu la mpini, maana ubao wake huliwa na udongo mwaka hadi mwaka na jina lililoandikwa chini litaisha shambani. Chupa ya chai huandikwa kwenye ganda la nje tu, na kwa mkono mwepesi, kwa kuwa kioo cha ndani hakivumilii mtikisiko.

Chombo kimoja cha jikoni hakichorwi: mtungi wa gesi. Kuuchimba ni hatari, tena ni kazi bure. Mtungi ukiisha hupelekwa dukani na kubadilishwa kwa mwingine uliojaa, kwa hiyo anayeuandika jina atakuwa amemwandikia mtu wa Himo au Mwika asiyemjua.

Mahali pa kuandika si jambo dogo. Tako la sufuria ndilo tambarare na ndilo linalomvuta asiyejua, lakini kwenye mafiga hufunikwa na masizi, na masizi husuguliwa kwa stilwaya na majivu hadi chuma kilie. Jina la takoni haliishi. Wanaojua huandika nje, chini kidogo ya mdomo wa sufuria, ambapo moto haulambi sana na stilwaya hupita kwa haraka. Hapo tatizo ni mviringo. Mkono huikabili sufuria inayokimbia pembeni, na herufi za mstari kama L, M, N na T hutoka safi, lakini O hutoka na kona tano kama karanga iliyobanwa. Kwenye vyombo vya kijiji kizima hakuna O ya duara hata moja, na mtu aliyezoea anaweza kumtambua mchoraji kwa jinsi O zake zilivyovunjika.

Mfuniko nao uandikwe. Katika shughuli kubwa sufuria hupotea kwa nadra, lakini mifuniko hutawanyika: mmoja umefunika ndizi, mwingine umegeuzwa sinia la nyama, wa tatu umemkinga mtu mvua alipokimbilia kuni. Nyumba nyingi zina sufuria zenye jina la mama mwenye nyumba na mifuniko yenye majina ya watu wengine.

Halafu kuna swali la nini kiandikwe, na hapa Marangu ina ugumu wake. Majina ya ukoo ni machache na watu wa ukoo mmoja hukaa pamoja, kihamba kwa kihamba, yaani shamba la nyumbani kwa shamba la nyumbani. Kuandika LYIMO au MTUI kwenye sinia ni kusema kwamba sinia ni la Marangu, basi. Herufi ya kwanza ya jina la ubatizo husaidia kidogo, mpaka itokee kwamba shemeji wawili wa boma moja wote wanaanza na A. Wanawake wamelitatua jambo hili kwa namna wanavyoitana: MAMA NEEMA, MAMA GODI, BIBI ANETH, na jina la kitongoji likifuata pakiwa na nafasi. Jina la mtoto wa kwanza ndilo linalomtenga mama huyu na wenzake wa ukoo huohuo. Lina kasoro moja ya kupendeza: sufuria alizonunua msichana kabla ya kuzaa zina jina ambalo hakuna anayemwita tena.

Namba ya simu ina faida mjini, ila kijijini inaonekana ya kitoto, kama kuweka kibao cha barabara sebuleni. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20 na hakuna kijiko kitakachoibeba. Zaidi ya hapo, si namba ya kutangazwa kwenye hotipoti inayozungushwa ugenini.

Mashine ni mpya, desturi ya kutia alama ni kongwe. Kabla yake kulikuwa na msumari na nyundo, matundu yakipangwa mpaka yakawa herufi. Kulikuwa na rangi ya kucha, ambayo bado ipo: nukta mbili nyekundu kwenye kishikio cha kijiko. Kulikuwa na uzi uliofungwa kwenye sikio la kikombe. Wanafunzi wa bweni walikwangua sahani zao kwa ncha ya bikari, na wengi bado wanafanya hivyo wiki ya kwanza ya muhula.

Wachagga walikuwa na alama zao kabla ya shule kuleta herufi. Mregho ilikuwa fimbo yenye chale, na katika mafunzo ya jando mwalimu alizipitia chale hizo moja baada ya nyingine, kila moja ikibeba somo lake. Bruno Gutmann, mmisionari wa Kilutheri aliyefanya kazi Kilimanjaro kati ya 1902 na 1938, aliandika mafunzo hayo katika vitabu vitatu vilivyochapishwa kati ya 1932 na 1938. Chale za mregho hazikusema chochote kwa asiyefundishwa. Fimbo hiyohiyo mikononi mwa mpita njia ilikuwa kuni.

Alama ya mali iliyo kubwa kuliko zote mlimani ni isale, mmea wa majani marefu unaopandwa mpakani mwa kihamba. Hauzuii mtu kupita. Mbuzi anaupenya, mtoto anauruka, na mwenye tamaa anaweza kuung'oa usiku na kuupanda hatua mbili mbele. Kinachoulinda mpaka ni kwamba jirani wa kushoto, jirani wa kulia na wazee wa ukoo wanakumbuka ulipokuwa. Isale pia hupelekwa kwa mtu aliyekosewa, kumwomba msamaha, na anayeletewa isale ni vigumu kukataa. Kwamba mmea mmoja unaweka mpaka na unaomba radhi si ajabu kwa watu wanaoishi wamebanana hivyo. Jina kwenye sufuria linafanya kazi kwa kanuni ileile ya isale: nguvu yake imo kwa wanaolisoma.

Msibani ndiko nguvu hiyo inakoonekana. Mchagga huzikwa kihambani, na hata aliyefia Dar es Salaam au Mwanza hurudishwa. Nyumba moja haina vyombo vya kulisha mamia ya watu kwa siku kadhaa, na hakuna anayetarajia iwe navyo. Habari ikishaenea, vyombo huanza kuingia: sufuria kubwa linalobebwa na wawili kwa mti, masinia yaliyopandana kichwani kwa msichana, ndoo ya vijiko, magunia ya sahani. Mama mmoja huwekwa na daftari. Huandika aliyeleta na alicholeta, mpaka jioni ya kwanza, wageni wanapozidi na daftari likaachwa juu ya gunia la mchele.

Baada ya maziko wanawake hukaa uani juu ya majani ya migomba. Vyombo vimeoshwa na kumwagwa katikati, na kazi ya kutenga huanza. "Hiki cha nani?" Chombo huinuliwa, hugeuzwa kuelekea mwanga, kidole gumba hufuta maji chini ya mdomo. Jina husomwa kwa sauti. Chenye jina huenda kwenye fungu lake. Kisicho na jina huzunguka mkono kwa mkono, kila mmoja akikipima kwa macho, na hapo maneno huanza, kwa upole kwanza. Masufuria yote ya namba moja yametoka kwenye maduka yaleyale ya Moshi mjini na yanafanana kama mayai. Kumbukumbu ya kubonyea upande haitoshi, maana kila sufuria limebonyea.

Zipo siku chombo hufika nyumba isiyo yake, na jina hapo hufanya kazi ambayo hakuna kufuli ingeifanya. Mtoto hutumwa nacho. Anasimama mlangoni: "Shikamoo mama. Mama amesema hiki ni chenu." Hakuna anayeulizwa kilifikaje huko wala kilikaa muda gani. Pasipo jina, anayekirudisha angelazimika kueleza, na anayekidai angelazimika kushuku. Mistari ile miembamba imewaokoa wote wawili.

Vikundi vya akina mama vimelipeleka jambo hili mbele zaidi. Kikundi hununua sahani na vijiko kwa mamia, huchora herufi za kikundi, na kuvikodisha kwa harusi na ubarikio, kinachopungua hulipwa. Desemba, wenye kazi mijini wanaporudi nyumbani na kila boma lina mbuzi wa kuchinjwa, vyombo hivyo havipumziki. Kuchora vijiko mia tatu ni kazi ya siku kadhaa kwa mashine ya betri, na kidole cha shahada hukaa na ganzi usiku.

Juu ya kijiji, kwenye lango la Marangu la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, alama ina kazi nyingine. Wapagazi hubeba mizigo inayopimwa kwa mizani, na ndani yake mna majiko, masufuria, chupa na fimbo za kupandia zinazofanana kutoka kampuni moja hadi nyingine. Vifaa vingi ni vya kuazima. Mradi wa kusaidia wapagazi ulioanzishwa Moshi mwaka 2003 huwaazima mavazi ya baridi bila malipo. Koti huandikwa kwa wino ndani ya kola, vyuma huchorwa. Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, ndiko vyombo huchanganyika, kwa sababu wanaopanda na wanaoshuka hulala hapo usiku mmoja. Mashine yenyewe haipandi. Betri hulegea kwenye baridi, na vidole pia, hivyo anayesahau kuchora chini huko juu atategemea rangi ya kucha.

Kwenye lango hilo yapo pia majina yaliyowekwa kwenye mabamba ya kumbukumbu: Hans Meyer, aliyefika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, anayekumbukwa kuwa mwongozaji wao. Meyer alichukua jiwe la lava juu kabisa akalipeleka kwa Kaizari Wilhelm II, na kilele chenyewe akakipa jina la Kaizari huyo. Jina hilo halikuchorwa popote mlimani. Lilikaa kwenye ramani mpaka miaka ya 1960, kisha likabadilishwa kuwa Uhuru bila mtu kuhitaji msasa.

Kuchora mali kwa ajili ya kumpinga mwizi ni wazo la mahali ambapo jirani hajui sahani za jirani. Mwaka 1963 polisi wa Monterey Park, California, walianza kuwaazima wakazi mashine za umeme ili wachore namba kwenye televisheni, redio na vifaa vyao vya kazi, na mpango huo ukaigwa miji mingi ya Marekani miaka iliyofuata. Hesabu yake ni ya biashara: kitu chenye namba ni kigumu kuuzika. Dar es Salaam hesabu hiyohiyo huonekana kwenye magari. Namba ya usajili huchimbwa kwenye kila kioo, kwenye taa na kwenye saiti mira, maana saiti mira ya gari aina moja huingia kwenye gari lingine la aina hiyo kwa dakika chache, na aliyeng'olewa yake anaweza kwenda kununua nyingine akajikuta akiitazama ileile. Ikiwa na namba yake, angalau atacheka kabla ya kulipa. Simu inayo namba yake tangu kiwandani, tarakimu 15, na Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizitumia namba hizo kuzima simu bandia nchi nzima.

Mahakamani alama huhesabiwa kwa namna ya pekee. Anayedai kuwa mali iliyokamatwa ni yake hutakiwa aeleze alama zake maalumu kabla hajaonyeshwa mali hiyo. Akionyeshwa kwanza na kueleza baadaye, maneno yake hupungua uzito, kwa sababu mtu yeyote anaweza kusoma kilicho mbele yake. Kwa hiyo jina kubwa upande wa mbele, linalosomwa na kila mtu, ni ushahidi dhaifu kuliko mkwaruzo mdogo chini ya kishikio ambao mwenye mali pekee anaujua. Wenye pikipiki wajanja huweka vyote viwili, na cha pili hawamwonyeshi hata fundi wao.

Alama haiondoki kirahisi. Kuifuta ni kuusaga uso wote kwa msasa, na kovu linalobaki husema zaidi ya jina lenyewe. Kwa hiyo chombo kilichochorwa huuzwa kwa bei ya chini, au hakiuzwi, hurithiwa. Bibi akifariki, masufuria yake hugawanywa kwa wakwe, nao huandika majina yao kando ya lake bila kuligusa. Yapo masufuria yenye majina matatu, la juu kabisa likiwa la matundu ya msumari, la kati la mkono uliotetemeka, la chini la mashine, na msibani kwenye kutenga ndilo la chini linalosomwa.

Sufuria likitoboka kiasi cha kutozibika, hungoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Yeye hununua kwa kilo, na alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660 pamoja na chochote kilichoandikwa juu yake, ikamiminwa kuwa sufuria nyingine. Mjini mzani hausomi. Kijijini mnunuzi husoma: mtoto akimletea sufuria zima lenye jina la mama wa kitongoji cha pili, na mtoto si wa boma hilo, huliweka pembeni ya mzani na kumwambia aende akamwite mwenyewe.